Kisangani: shujaa wa katuni akikufa, arudishwe ao aachwe?

Katika muji wa Kisangani kuna mabishano ambayo hayapiti kwenye habari za asubuhi. Yanafanyika chini ya miembe, kwenye vibanda vya kuchaji simu, na ndani ya malupango ambako familia zilizokimbia vita zimepokelewa. Watoto wanabishana juu ya katuni: shujaa akikufa, ni vizuri watungaji wamrudishe, ao wamwache na kifo chake?

Mtu mzima anaweza kucheka. Lakini asikilize vizuri, maana kati ya wanaobishana kuna watoto ambao baba zao hawajulikani walipo.

Filimu hizo zinafika kwa njia rahisi. Kijana mwenye kompyuta anatia vipande kwenye kadi ya simu kwa faranga kidogo, sauti ikiwa ya Kifaransa, na simu moja inatazamwa na watoto kumi. Siku hizi Naruto ndiye mfalme. Wazazi waliozaliwa miaka ya 1980 walikuwa na Dragon Ball. Mule, ukikusanya mipira saba, joka linatokea na unaomba wafu warudi. Krillin alikufa akarudi, akakufa tena, akarudi tena. Joka la dunia lilikuwa na sharti la kutomrudisha mtu mmoja mara mbili. Basi watungaji wakatafuta joka la sayari nyingine ambalo halina sharti hilo. Kifo kikawa kama kuvuka mto kwenda Lubunga: asubuhi unapanda mtumbwi, jioni uko nyumbani.

(Na hata Lubunga, tangu mapigano ya Wambole na Walengola yaanze mwaka 2023, si wote waliovuka wamerudi kwao.)

Wazazi hao hao walikuwa watoto ao vijana wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana hapa mjini, tarehe 5 hadi 10 Juni 2000. Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 760 waliouawa kwa siku sita. Anayejua siku zile hawezi kulichukua joka la mipira saba kwa uzito. Analipenda, lakini kama mtu anavyopenda peremende.

Naruto ni jambo lingine, na hapo ndipo watoto wana haki ya kubishana. Nagato anaharibu kijiji kizima cha Konoha, watu wengi wanakufa. Halafu Naruto anamfikia, wanaketi, wanazungumza. Nagato anatumia nguvu zake za mwisho kuwarudishia uhai wote aliowaua siku ile, naye anakufa. Lakini Jiraiya, mwalimu wa wote wawili, ambaye Nagato alikuwa amemuua mbele kidogo, harudi. Mwili wake ulizama majini, basi.

Kuna pia ile mbinu inayoitwa Edo Tensei: kuamsha wafu ili wapigane vita tena, kwa amri ya mwingine, na kwa kila mfu mmoja lazima mtu hai atolewe kafara. Wavulana wanaipenda sehemu hiyo kwa sababu ya mapigano. Wakubwa waliotoka kwenye vijiji ambako vijana wanabebeshwa bunduki kwa nguvu wanaitazama bila kusema kitu.

Mama mmoja aliyetoka teritware ya Walikale (jina lake haliwekwi hapa kwa ajili ya usalama) alikimbia mwezi wa tatu 2025, wakati M23 ilipoingia Walikale-centre. Alipita njia ya Lubutu na watoto wanne. Mume wake alisema atawafuata kesho yake. Tangu siku ile hakuna simu, hakuna aliyemuona hai, hakuna aliyeona maiti. Wazee wa familia wamechoka kungojea na wanataka kuweka kilio. Mtoto wake wa miaka tisa anakataa.

“Nagato aliwarudisha watu wote wa kijiji,” aliwaambia wajomba zake. “Sasa nyinyi munaharakisha kilio kwa nini?”

Mama alinyang’anya simu, akasema ataivunja. Jirani yake, mama wa Lubunga ambaye naye analala kwa watu tangu 2023, alimzuia.

“Dada, mwache. Bila hiyo filimu, huyu mtoto angekuwa amenyamaza kabisa. Sasa walau anasema jina la baba yake.”

“Anasema uongo.”

“Uongo wa nani? Wewe ulimuona bwana yako amekufa?”

Mama wa Walikale hakujibu.

Swali la jirani ni zito kuliko mabishano yote ya katuni. Aliyekufa na aliyepotea hawako sawa, na filimu nyingi zinawachanganya. Iko moja isiyowachanganya, Kirikou, iliyotoka mwaka 1998, ya Michel Ocelot, Mfaransa aliyeishi utoto wake Guinea. Kijiji kizima kinaamini kwamba mchawi Karaba amewala wanaume wao. Mwishoni wanaonekana: hakuwala, aliwageuza kuwa vitu vya kumtumikia. Hakuna joka lililofanya kazi hapo. Watu walikuwa wamezika kwa moyo wale ambao hawakufa. Kwa mtoto anayengojea, filimu hiyo ni ya haki zaidi kuliko mipira saba, hata kama haina ngumi nyingi.

Lakini hadithi kubwa ya kurudisha wafu haikutoka Japani wala Ufaransa. Iko kwa Wanyanga wa Walikale wenyewe. Ni hadithi ya Mwindo, aliyoisimulia Candi Rureke kwa siku kumi na mbili mwaka 1956, akaandikwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene. Kitabu kilitoka mwaka 1969. Mwindo anakataliwa na baba yake, mwami Shemwindo, tangu kuzaliwa. Anatiwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni. Anaponea, anarudi na wajomba zake kupigana, na radi ya Nkuba inaunguza kijiji cha Tubondo chote. Baba anakimbilia chini ya ardhi, mtoto anamfuata mpaka anamrudisha.

Halafu Mwindo anachukua mgwisho wake na kuamsha wafu wa Tubondo, kazi ya siku tatu. Kila mtu anarudi pale alipokuwa. Mwenye mimba anaamka na mimba yake. Aliyekuwa anasonga bugali anaamka anasonga. Aliyekuwa anagombana na mke mwenziwe anaamka katikati ya ugomvi.

Na hadithi haiishi hapo. Kunafuata baraza. Shemwindo anasimama mbele ya watu wote, anakubali mabaya aliyoyafanya, na utawala unagawanywa kati yake na mtoto. Hapo katuni nyingi zinapungukiwa: mfu anarudi, wanacheka, kipande kinachofuata. Naruto inasogea karibu na Mwindo kwa sababu Nagato aliketi akasikiliza, akalipa mwenyewe. Kisangani ilingoja mpaka tarehe 9 Februari 2022 ndipo Mahakama ya Haki ya Kimataifa iamuru Uganda ilipe dola milioni 325 kwa mabaya ya vita ile katika Kongo. Wafu hawakurudi, lakini mtu aliitwa mbele ya watu kujibu. Mtungaji anayetaka kumrudisha shujaa wake, amrudishe. Asiruke tu baraza.

Siku ya posho iliyopita, katika lupango lile lile, mzee mmoja Mnyanga aliwasimulia watoto habari za Mwindo, simu ikiwa imeisha moto. Alipofika kwa wale walioamka wakisonga bugali, yule wa miaka tisa alimkatiza.

“Tate, na yule aliyekuwa njiani?”

Mzee alifikiri kidogo.

“Huyo anaendelea na njia.”

Kilio hakijawekewa tarehe. Mama ametafuta picha ya mume wake, ile ya kadi ya uchaguzi, ili awapelekee wajitolea wa Msalaba Mwekundu wanaotafuta watu waliopotezana na jamaa zao. Kazi hiyo hailipwi. Anayekwenda abebe jina kamili, mahali mtu alipoonekana mara ya mwisho, na tarehe.