Gari linazima lenyewe, mchawi nani?

Najua nimeadimika. Bumu limechelewa, asaimenti zimenizunguka, na juu ya hapo kulikuwa na ishu ya gari la baba mdogo.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla kuukuu, limenizidi umri kwa zaidi ya miaka kumi. Ndilo linalobeba mboga za mama mdogo kwenda gengeni, na bumu likichelewa genge hilo ndilo linalonilisha mimi. Ugonjwa wake: linatembea freshi kama nusu saa, halafu ghafla linazima barabarani. Ukisubiri dakika 20 linawaka kama halijawahi kuumwa. Ukilifikisha gereji, linanguruma vizuri tu! Fundi wa kwanza akabadili plagi, wa pili akabadili pampu ya mafuta. Laki mbili zikaondoka, gari likaendelea kuzima. Siku lilipozima Barabara ya Morogoro, lori likiwa nyuma na mama mdogo kambeba mtoto, aliapa hapandi tena.

Nikamwambia baba mdogo, tusinunue kitu tena mpaka tujue linakufa kwa nini. Injini ya petroli inataka vitu vitatu: hewa, mafuta, na cheche kwa wakati wake. Ujanja ni kupima palepale lilipozima, kabla halijapoa.

Jumamosi tukalizungusha mpaka likazima. Taa za dashibodi zinawaka, starta inazungusha: basi vichwa vya betri havijalegea. Tukafungua mfuniko wa tenki, hakuna hewa iliyovutwa kwa nguvu: tenki linapumua. Halafu lilizima ghafla kama umezima swichi, bila kukohoa wala kupoteza nguvu polepole. Mafuta yakipungua kwa filta chafu, mara nyingi gari hukwamakwama kwanza, hasa mlimani.

Nikachomoa waya mmoja wa plagi, nikauchomeka kwenye plagi ya akiba, nikaiegemeza kwenye chuma cha injini. (Shika kwa koleo yenye mpira, umeme ule si wa mchezo, na pasiwe na petroli inayovuja.) Baba mdogo akapiga starta. Cheche hakuna! Baada ya dakika 20 tukarudia: cheche hii hapa, ya bluu.

Kumbe mchawi ni joto. Wanafizikia wenzangu mnajua waya wa shaba ukipata moto ukinzani unapanda, na koili iliyozeeka ndani ikitanuka inaweza kukatika mawasiliano, ikipoa yanarudi. Nyumbani tukawasha injini, tukapuliza koili kwa draya ya nywele ya dada. Dakika chache tu, likazima. Tukafunga koili nyingine. Leo wiki ya tatu, halijazima hata mara moja, na mama mdogo amerudi kiti cha mbele.

Na wewe likikuzimia njiani: usukani utakuwa mzito, ukaze. Breki bado ina msaada wa kukanyaga mara moja au mbili, kwa hiyo usipampu, kanyaga mara moja kwa uhakika. Washa taa za hatari, ingia kushoto, na usichomoe ufunguo gari likitembea, usukani utajifunga.

Sisi walimu watarajiwa tuna cha kujifunza hapo. Kubadili plagi bila kupima ni sawa na kumwita mtoto kichwa kigumu kabla hujajua kakwama wapi.

Haya, asaimenti inaniita. Alamsiki!