Mjomba, Dracula na Mimi

Wewe mwanangu ukisikia king'ora cha gari la zimamoto unasogea pembeni lipite, basi, yameisha. Sisi tuliolelewa Majengo, Pumwani, katika Nairobi ya miaka ya hamsini, tukikisikia tulikuwa tunavua kandambili kwanza ili tukimbie vizuri. Mzimamoto kwetu hakuwa mtu wa kuzima moto, alikuwa mnyonya damu. Watu wazima wenye akili zao, wenye kuswali swala tano, walikuhadithia bila kupepesa jicho kwamba usiku lile gari jekundu huzunguka likitafuta mlevi aliyelala mtaroni au mwanamke anayetembea peke yake. Hupelekwa kituoni Victoria Street, ndiyo Tom Mboya Street ya leo, akatumbukizwa shimoni, akakamuliwa damu mpaka tone la mwisho, na damu hiyo Wazungu wakaifanya dawa. Wanyonya damu hao watu wa pwani waliwaita mumiani, wengine wakasema kachinja. Usicheke. Watu hao hao waliamka siku moja ya Aprili 1954 wakakuta mji umezingirwa na askari, katika ile Operesheni Anvil, na majirani zao wanapakiwa kwenye malori kwa maelfu kupelekwa kambini. Aliyeyaona hayo kwa macho yake, ukimwambia kwamba serikali haiwezi kumchukua mtu na gari akapotea, atakutazama tu, kisha ataendelea na kahawa yake.

Sasa, katika mtaa huo huo, mjomba wangu, aliyezaliwa tumbo moja na mama, alikuwa mzimamoto. Alikuwa mrefu, mwembamba, ana pengo la jino moja la mbele na masharubu aliyoyakata kila Ijumaa kwa mkasi wa mama wa kushonea, jambo lililomuudhi mama wiki hadi wiki. Akirudi kazini alinukia mpira wa mabomba, petroli, na ile dawa ya kusugulia shaba, maana nusu ya kazi yao, alisema, ilikuwa kung'arisha vitu. Alipopita kwenye benchi la wanywa kahawa mazungumzo yalipungua sauti. Peremende zake watoto wa jirani walizipokea kwa adabu, "shikamoo, ahsante", kisha wakazitupa nyuma ya choo, ambako mimi na ndugu yangu tulikwenda kuziokota. Mara mbili aliposa akakataliwa, na mara zote mbili sababu iliyotolewa ilikuwa ya heshima na ya uongo. Mama wa mlango wa tatu, mwanamke mcha Mungu aliyepika mbaazi za kuwashinda wote Pumwani, hakumuuzia hata siku moja kwa mkono; alikuwa anaweka bakuli kibarazani, na mjomba anaacha senti zake pale pale.

Mwaka 1965, mwaka wa kwanza wa jamhuri, nikiwa kijana wa miaka kumi na mitatu, mjomba aliniambia nimfuate kituoni Jumamosi jioni atakapomaliza zamu, atanipeleka sinema. Nilikwenda roho mkononi. Nilisimama upande wa pili wa barabara mpaka aliponiona akaja kunishika mkono, na kabla ya kitu kingine chochote akanipeleka kunionyesha shimo. Maana shimo lilikuwapo kweli, mwanangu. Lilikuwa refu na jembamba, kina chake kama kimo cha mtu, sakafu yake nyeusi kwa oili, na ndani yake alikuwa amesimama fundi mwenye spana, akifungua kitu chini ya tumbo la gari huku akipiga mluzi. Pembeni palikuwa na ndoo mbili za mchanga. Mjomba hakusema neno. Aliniacha nitazame mpaka nitosheke, akaenda kubadilisha shati.

Filamu yenyewe ilikuwa *Dracula*, ile ya Waingereza ya kampuni ya Hammer, iliyoongozwa na Terence Fisher mwaka 1958. Ilitufikia imechakaa, ina mikwaruzo kama mvua. Miaka michache nyuma nisingeiona hata kama ningekuwa na pesa, kwa sababu wakoloni walikuwa na wakaguzi wao walioamua picha ipi Mwafrika aitazame na ipi itamharibu akili. Tulikaa Odeon, pale Latema Road, viti vya mbele vya bei ya chini, shingo juu, katikati ya moshi wa sigara za Crown Bird na harufu ya makoti yaliyolowa, maana nje kulikuwa na manyunyu. Mjomba alilipa shilingi mbili kwa kila mmoja wetu, akaongeza njugu za senti kumi, ile sarafu yenye tundu katikati, zimefungwa kwenye ukurasa wa gazeti.

Mpaka siku hiyo picha za kutisha nilizozisikia zilikuwa za rangi nyeusi na nyeupe. Hii ilikuwa ya rangi. Tangu mwanzo, kabla mtu yeyote hajafungua mdomo, kamera inasogelea jeneza la mawe lenye jina la mwenyewe, na juu ya jina hilo yanadondoka matone ya damu, mekundu kupita wekundu wa damu ya kweli. Ukumbi mzima ulivuta pumzi. Kisha akatokea Dracula mwenyewe, Christopher Lee, juu ya ngazi, mrefu, joho jeusi, akateremka haraka akamkaribisha mgeni kwa adabu ya mtu mwenye nyumba kubwa. Hilo ndilo lililonichanganya: ana sauti nzuri, anabeba mzigo wa mgeni mwenyewe. Dakika chache baadaye mlango wa maktaba unafunguka kwa kishindo, naye huyo, macho mekundu, damu inachuruzika kidevuni, anaruka juu ya meza. Njugu zangu zote zilikwenda sakafuni. Na baada ya hapo hasemi tena neno mpaka mwisho wa picha, ila kufoka tu kama chui, na mimi naapa ule ukimya wake ulitisha zaidi ya meno.

Lakini viti vya shilingi mbili havikai kimya. Yule daktari aliyeigizwa na Peter Cushing alipotundika maua ya kitunguu saumu chumbani kwa mgonjwa, sauti ya mzee mmoja ikatoka gizani: "Kumbe! Basi Majengo haji, kwa pilau ile!" Msalaba ulipomchoma mwanamke yule kwenye paji la uso, mwingine akauliza, na nadhani aliuliza kwa dhati, sisi Waislamu tunatumia nini, akajibiwa Ayatul Kursi, wakaanza kubishana kama Dracula anajua Kiarabu. Walinyamaza tu ilipogundulika kwamba jeneza ambalo Cushing na wenzake walilitafuta mji mzima lilikuwa limefichwa chini, kwenye ghala la nyumba yao wenyewe. Mwishoni Cushing alipokimbia juu ya ile meza ndefu na kujirusha kwenye pazia, jua likaingia na mguu wa Dracula ukaanza kuwa majivu, watu walisimama juu ya viti wakishangilia. Nikamgeukia mjomba. Yeye hakushangilia, alikuwa ametulia, kidole kwenye masharubu, anatazama kwa makini ya mtu anayekagua kazi ya mwenzake.

Tulirudi kwa miguu kupitia River Road. Nilikuwa nimemng'ang'ania koti, na kila mlango ulio wazi nilitegemea mtu mwenye joho. Karibu na Gikomba ndipo alipozungumza. "Huyu bwana," akasema, "anakunywa mwenyewe. Ana njaa, anakunywa, anakwenda kulala. Mimi wananiambia nakamua ndoo nzima nampelekea mwingine. Sasa mwaka wa kumi na moja huu nakamua, mshahara ni ule ule, hata baiskeli sijanunua." Akacheka peke yake, si sana. Sikujua niseme nini, nikasema picha ilikuwa nzuri.

Jumapili nilikuwa mtu mkubwa. Niliihadithia *Dracula* kibarazani mara nyingi hata sauti ikakauka, kila mara na damu nyingi kuliko mara iliyotangulia, na hata wanywa kahawa walivuta benchi karibu. Nilipofika kwenye jua na majivu nilimwona mama wa mlango wa tatu amesimama na mwiko mkononi, anasikiliza. Jumatatu jioni akamtuma binti yake mdogo na bakuli la mbaazi, akamwambia ampe mjomba mkononi kabisa, kisha aulize swali. Mtoto alisimama mlangoni, miguu iko tayari kukimbia, akasema yote kwa pumzi moja: mama anasalimu, na anauliza, ati ni kweli wanyonya damu jua likiwapata wanaungua wote?

Mjomba alipokea bakuli, akanusa, akafunika.

"Mwambie mama nimeshukuru sana kwa mbaazi," akasema, "na umkumbushe kwamba mimi miaka yote nafanya zamu ya mchana."