Nguzo za Córdoba

Yako makosa ambayo mtu huyafanya mara moja akayajutia, na yako ambayo huyafanya kila mwaka kwa miaka 14 pasipo kujua kuwa ni makosa. La kwangu lilikuwa la namna hii ya pili. Nilikuwa mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari pwani ya Kenya, na kila nilipofika katika habari za Waarabu wa Hispania, niliwaambia wanafunzi wangu kwamba msikiti mkuu wa Córdoba ulibomolewa siku ile ile Wakristo walipouteka mji. Nililisema neno hilo kwa sauti ya mtu aliyekuwapo. Mimi nami nililipokea kwa mwalimu wangu, wala halikunipitia moyoni wazo la kulichunguza.

Mwaka mmoja kijana wa benchi la nyuma alisimama akiwa na kitabu cha maktaba mkononi, akauliza kwa adabu, "Mwalimu, ikiwa msikiti ulibomolewa, picha hii ya nguzo ilipigwa wapi?" Sikuitazama picha. Nilimwambia akae kitako, aache kuwapotezea wenzake saa yao. Darasa likacheka, na kijana akaketi. Tangu siku hiyo hakuniuliza swali jingine hata alipomaliza kidato cha nne.

Jambo hilo nilikuwa nimekwisha kulisahau. Binti yangu aliolewa akafanya maskani yake Sevilla, kusini mwa Hispania, na baada ya mimi kustaafu aliniita nikamtembelee. Katika mji wake nilionyeshwa mnara mrefu uitwao Giralda, ambao zamani ulikuwa mnara wa msikiti na sasa ni wa kengele. Msikiti wenyewe haupo. Ulibomolewa katika karne ya 15 ili kanisa kubwa lipate kujengwa mahali pake. Nilitikisa kichwa kama mtu aliyethibitishiwa maneno yake. Siku ya nne tulipanda gari la moshi kwenda Córdoba, nalo naliita hivyo kwa mazoea tu, maana moshi halina, na safari haikuchukua hata saa moja.

Mji huo umekaa juu ya mto Guadalquivir, jina ambalo lilinifurahisha mno, kwa sababu ni maneno ya Kiarabu, wadi al-kabir, yaani mto mkubwa, yaliyopita katika vinywa vya Wahispania hata yakapinda. Binti yangu alinifundisha mengine njiani. Sukari kwao ni azúcar. Meya wa mji ni alcalde, na huyo si mwingine ila kadhi yule yule tunayemjua sisi. Nikawa kama mtu anayekutana na jamaa zake ugenini, wamevaa nguo asizozizoea. Tulivuka daraja la mawe lenye matao 16, ambalo Warumi walilianzisha na kila utawala uliofuata ukalitengeneza, tukaufikia ukuta mrefu wa rangi ya udongo, mzito kama wa ngome. Nikauliza, "Hii ni nini?" Binti yangu akajibu, "Ndiyo msikiti, Baba. Wenyewe siku hizi huuita kanisa kuu."

Tuliingia kwanza katika ua wenye michungwa iliyopandwa kwa safu. Zamani watu walitawadha hapo kabla ya kusali. Juu ya ua umesimama mnara wa kengele, na ndani ya mnara huo, umefunikwa kama mtu aliyevikwa kanzu juu ya kanzu, umo mnara wa kale wa adhana. Mlangoni tulipewa ramani ndogo ya jengo, kisha bawabu akaniashiria kwa upole nivue kofia. Nilisita kidogo. Kwetu mtu aingiapo msikitini huvua viatu na kofia huiacha kichwani. Pale niliingia na viatu miguuni na kofia mkononi. Nawaambieni kweli, hakuna kitabu ambacho kingenieleza hali ya nyumba ile kwa haraka kama hivyo.

Macho yalipozoea mwanga hafifu, niliziona nguzo. Sikuona mwanzo wake wala mwisho wake. Zilikwenda mbele, kulia na kushoto, safu baada ya safu, kama mnazi hadi mnazi katika shamba lililopandwa na mtu mwenye kipimo. Juu ya kila jozi ya nguzo kuna tao, na juu ya tao hilo kuna tao la pili, yote yamepigwa milia ya tofali jekundu na jiwe jeupe. Nguzo zilizobaki ni 856. Zamani zilizidi 1,000.

Nilipozitazama kwa karibu niligundua kwamba katika sehemu ya kale hazifanani. Moja ni ya kijivu, ya pili ni ya waridi, ya tatu imesokotwa kama kamba. Abdul-Rahman wa Kwanza, aliyeuanza msikiti huo katika miaka ya 780, alikuwa mkimbizi. Jamaa zake wa ukoo wa Banu Umayya waliuawa huko Shamu mwaka 750, naye akapona, akavuka nchi nyingi hata akaja kutawala Córdoba. Mafundi wake hawakuchonga nguzo mpya, bali walizikusanya zile za majumba ya Warumi na ya Wagothi waliotawala kabla yao. Nazo zilikuwa fupi, haziwezi kuinua dari ya nyumba kubwa kiasi kile. Ndipo wakaweka tao juu ya tao. Uzuri ule ambao watu husafiri maelfu ya maili kuutazama ulizaliwa na upungufu wa nguzo ndefu. Wafalme waliofuata waliongeza, na al-Mansur, waziri mwenye nguvu kuliko mfalme wake, aliongeza sehemu kubwa kuliko zote kuanzia mwaka 987. Lakini yeye alikuwa na haraka, na milia myekundu ya matao yake mengi ni rangi tu iliyopakwa juu ya jiwe.

Nilikuwa nikizihesabu nguzo. Nilipofika 212 nilizunguka kona, nikaona mwanga mweupe mkali, na mbele yangu likasimama kanisa zima, refu, lenye kuba na madhabahu, katikati ya msikiti kama jahazi lililopandishwa juu ya shamba. Hesabu ikanipotea.

Mfalme Ferdinand wa Tatu aliuteka mji mwaka 1236. Hakuubomoa msikiti, aliufanya kanisa, na watu wakasali chini ya matao yale yale. Karibu miaka 300 ilipita ndipo askofu, mwaka 1523, alipotaka kujenga kanisa hili ndani yake. Na hapa, msomaji, ndipo nilipotahayari zaidi, kwa sababu waliosimama kumzuia walikuwa Wakristo wenyewe. Baraza la mji liliwatisha mafundi kwa adhabu ya kifo iwapo wangeanza kubomoa kabla mfalme hajaamua. Mfalme Carlos akaamua upande wa askofu. Husimuliwa kwamba alipokuja kuiona kazi hiyo kwa macho yake alijuta. Ujenzi uliendelea mikononi mwa fundi, kisha mwanawe, kisha mjukuu wake, ukamalizika mwaka 1607.

Nilikaa katika kanisa hilo nikijaribu kulichukia, nisiweze. Viti vya waimbaji vimechongwa kwa mbao za mahogani kwa ustadi wa ajabu. Hata hivyo nitasema nilivyoona: ni kazi nzuri iliyowekwa mahali pasipo pake. Lakini nikakumbuka Sevilla, ambako msikiti haupo kabisa, nikajiuliza kama si sala za Wakristo zilizouhifadhi huu. Na mikono ya wenye msikiti nayo haikuwa mitupu. Vitabu vya kale husimulia kwamba al-Mansur aliliteka kanisa la Santiago mwaka 997, akawabebesha mateka wa Kikristo kengele zake hadi Córdoba, zikafanywa taa za msikitini. Naye Ferdinand aliwabebesha Waislamu kengele hizo hizo kuzirudisha.

Kwenye ukuta wa kusini iko kibla. Imezungukwa na maandishi ya dhahabu na vijiwe vya rangi, ambavyo al-Hakam wa Pili aliletewa pamoja na fundi wake kutoka kwa mfalme Mkristo wa Konstantinopoli, katika miaka ya 960. Wageni husimama nyuma ya uzio wa chuma, na sala ya Kiislamu hairuhusiwi humo. Nilisimama kimya, kofia mkononi, na hapo ndipo sauti ya kijana yule iliponijia: picha hii ilipigwa wapi? Ilipigwa pale niliposimama.

"Baba, mbona umenyamaza?" binti yangu aliuliza. Nikamweleza. Sikumficha habari ya kicheko cha darasa. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi mwandikie."

Alasiri tulipita katika vichochoro vyeupe vya mtaa wa Wayahudi. Tuliona sinagogi dogo la mwaka 1315, ambalo wenyewe waliliacha walipofukuzwa Hispania mwaka 1492, na sanamu ya Ibn Rushd, mwanafalsafa aliyezaliwa mjini humo mwaka 1126. Lakini mawazo yangu hayakuwa huko. Nilinunua kadi yenye picha ya nguzo, nikaandika nyuma yake: "Picha ile ilipigwa hapa. Msikiti haukubomolewa. Wewe ulisema kweli, na mimi nilikukalisha chini. Nisamehe." Nikaitia katika bahasha pamoja na ramani niliyopewa mlangoni.

Kijana yule sasa ni mtu mzima, msimamizi wa ghala Mombasa. Baada ya mwezi mmoja na zaidi alinipigia simu. Alicheka sana, akasema alikuwa amekwisha kusahau. Sikumwamini, kwa maana alilitaja darasa, na dirisha alilokaa karibu nalo, na jalada la kitabu lililokuwa jekundu. Kisha akasema yuko mwanawe wa kidato cha pili aliyeisoma kadi, ana neno.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimeitazama ile ramani, nikaitazama na ramani ya dunia. Kutoka Córdoba, Makka iko mashariki, imeinama kusini kidogo tu. Mbona kibla yao imeelekea kusini?"

Nilikuwa nimesimama mbele ya kibla ile karibu nusu saa, na jambo hilo sikuliona. Nikamwambia asubiri nichukue karamu na karatasi, na alipokuwa tayari nikamwomba anisomee swali lake polepole, neno kwa neno.