Shamba la Mwalimu Halijasoma

Mwalimu akikosea mbele ya wanafunzi wake, afadhali akiri mwenyewe kuliko kungoja watoto wakamsimulie nyumbani. Kwa hiyo naandika habari ya shamba langu hapa Mpwapwa. Mtanicheka, lakini mkiisha kucheka naomba mjaribu kazi nitakayoieleza.

Nyuma ya nyumba yangu nina kishamba cha mtama. Ng'ombe sina. Kila mwaka baada ya mavuno nalikusanya mabua na majani makavu, nikayatia moto, nikisema, "Sasa shamba limekuwa safi." Darasani naliandika ubaoni maneno mazuri juu ya rutuba ya udongo; shambani mtama ulizidi kuwa mfupi mwaka hata mwaka. Hata ukaja mwaka mmoja ambao chakula chetu kilikwisha kabla ya mvua kuanza, mke wangu akaenda kukopa debe la mtama kwa jirani, bibi mjane ambaye mjukuu wake nilikuwa nikimfundisha.

Siku ya pili yake bibi yule alisimama penye ua wangu wa miiba, akatazama ndani. Nalimwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, "Marahaba, mwalimu." Kisha akasema kwa upole, "Mjukuu wangu asema kwamba wewe wajua sana habari za udongo. Basi mbona shamba lako halijasoma?"

Neno lile lilinichoma, kwa maana lilikuwa kweli. Hapa kwetu mvua ni ya msimu mmoja tu, toka Novemba au Desemba hata Aprili, nayo haikai ardhini. Mwaka 1933 mtaalamu mmoja wa malisho, jina lake Staples, alianza kupima hapa hapa Mpwapwa maji yanayokimbia na udongo unaochukuliwa katika viwanja vidogo vya mtelemko. Katika ardhi tupu, karibu nusu ya mvua ilikimbia juu ya ardhi na kuchukua udongo mwingi. Penye majani mengi, karibu maji yote yalizama. Ndipo nilipotambua kwamba kwa moto wangu nalikuwa nikiuvua udongo nguo yake na kuunyima chakula chake pia. Udongo wenye mboji hunywa maji na kuyashika; udongo uliochoka huyaacha yapite.

Basi nikaazimia kutengeneza mboji. Mwezi wa Julai nalirundika mabua juu ya ardhi, nikayaacha. Baada ya miezi miwili nalikuta mchwa wamekula sehemu kubwa, na yaliyosalia ni makavu kama siku ya kwanza. Naliona haya sana. Bibi alipoliona lundo lile akasema, "Mwanangu, nani apikaye makande bila maji?" Akanionyesha mahali palipokuwa zizi la mbuzi wake zamani, ambapo mtama wake ulistawi kupita mahali pengine pote, akanipa ruhusa kuchukua samadi ya zizi jipya.

Mwaka uliofuata sikungoja kiangazi. Mwezi wa Mei, majani mabichi yakiwapo bado, nalichimba shimo chini ya kivuli cha mti, urefu wake mita 2, upana mita 1 na nusu, kina nusu mita. Katika nchi kame shimo hushinda lundo, kwa kuwa halikauki upesi. Chini kabisa nalitia mabua yaliyokatwa vipande, unene wa shibiri moja, ili hewa ipite. Juu yake majani mabichi, kisha samadi kidogo, kisha udongo wa juu na majivu kiasi cha konzi chache, kisha nikanyunyiza maji. Nikarudia hivyo tabaka kwa tabaka hata shimo likajaa na kuzidi, nikafunika kwa udongo na nyasi. Maji yalikuwa yale ya kunawia mikono na kuoshea mboga, ambayo zamani tuliyamwaga uani.

Katikati nalichomeka fimbo ndefu. Baada ya juma moja niliichomoa: ilikuwa na joto na unyevu. Hiyo ndiyo dalili njema, maana vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho vinaila takataka, na kazi yao hutoa joto. Fimbo ikitoka kavu, ongezeni maji. Ikinuka vibaya, maji yamezidi, geuzeni ili hewa iingie. Nalikigeuza kila baada ya majuma matatu. Baada ya miezi mitatu na zaidi kila kitu kilikuwa cheusi, nacho kilinukia kama ardhi baada ya mvua ya kwanza. Nikakifunika mpaka wakati wa kupanda.

Angalieni mambo mawili. Magugu yenye mbegu msiyatie, hasa kiduha kinachoua mtama. Tena mwenye ng'ombe atasema kwamba mabua ni chakula cha mifugo. Ni kweli, ng'ombe wale kwanza, na masalio waliyoyakanyaga pamoja na mavi na mkojo ndiyo yatakayofaa zaidi.

Wala kazi hii si ngeni. Watu wa kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Viktoria, zamani walifuga ng'ombe nyumbani, wakawaletea majani, na samadi yao wakaipeleka mashambani. Naye Mwingereza Albert Howard, aliyefanya kazi Indore katika Bara Hindi toka 1924 hata 1931, alijifunza mengi kwa wakulima wa nchi ile kabla ya kuandika njia yake ya kutengeneza mboji. Ikiwa mtaalamu yule alikubali kufundishwa na wakulima, mimi ni nani hata nimwonee haya bibi?

Mboji yangu haikutosha shamba zima. Nalitia konzi mbili katika kila shimo la mbegu, katika nusu ya shamba tu. Mwezi wa Februari mvua ilipokatika, mtama wa nusu moja ulijikunja majani. Ule wa nusu ya pili ulisimama hata mvua iliporudi. Sikupata utajiri, lakini mwaka ule hatukukopa, na debe la bibi tulilirudisha.

Alipolipokea alicheka, akasema, "Sasa limeingia darasa la kwanza."

Ndugu zangu, mkivuna mwaka huu, msiwashe moto. Chimbeni shimo.