Umeme Hausomi Kiingereza

Nimekuwa kimya kidogo hapa, test zilikuwa zimebana. Leo nataka kujibu swali ambalo naulizwa sana na watu wa hosteli, hasa wale wenye laptopu za mtumba: hizi apdeti za kompyuta, mtu azizime au aziache? Jibu langu si la kitaalamu, mimi ni mwalimu mtarajiwa tu. Ila jambo hili nililishughulikia nyumbani Maswa Septemba 2024, na humo ndani kulikuwa na hesabu za hela za watu.

Mama ni katibu wa kikoba cha akina mama mtaani kwetu. Wanajua wanaotoka usukumani: pamba ikishauzwa, kuanzia Mei mpaka Agosti hivi, ndipo mikopo mingi inarejeshwa, na baada ya hapo watu wanasubiri kuvunja mzunguko na kugawana. Hisa za kila mmoja zimo kwenye kijitabu chake, zimegongwa muhuri, hazina ubishi. Lakini mikopo, riba, faini na mfuko wa jamii vinakaa kwenye leja ya katibu. Kauntabuku lao liliishia Juni. Kuanzia Julai kila kitu kilikuwa kwenye Excel, kwenye kompyuta ya mezani pale sebuleni. Mgao ulipangwa Jumamosi.

Jumatano usiku mama kamaliza kuingiza marejesho, kazima kompyuta kama siku zote. Badala ya kuzima ikaanza kuapdeti. Ile skrini mnaijua, asilimia zinapanda taratibu na chini kuna onyo la Kiingereza kwamba usizime kompyuta. Ilipofika thelathini na kitu, umeme ukaenda. Mtaa mzima giza. Hapo sina wa kumlaumu, umeme hausomi Kiingereza.

Uliporudi, mashine ikawaka, vidoti vikazunguka, ikajizima, ikawaka tena. Ikawa hivyo hivyo mpaka saa sita usiku. Mama kakaa kwenye kiti anaitazama. Kaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, na ile hesabu?" Sikuwa na jibu.

Asubuhi habari zilikuwa zimeshafika. Mjumbe mmoja kaja, "Mwangaluka mayu," mama kaitikia, wakaongea habari za watoto na mashamba, mwisho ndio likatoka swali lenyewe: "Eti tumesikia kompyuta imekula hesabu?" Hakusema kwa ubaya. Ila nyie mnajua kikoba kinasimama kwenye nini. Si sanduku wala kufuli zake tatu, ni watu kumwamini aliyeshika kalamu. Mama kashika kalamu ile miaka sita. Ukimwambia mtu aliyeweka akiba mwaka mzima kwamba mkopo wa fulani hauonekani sababu ya apdeti, atakuelewa vipi? Hata mimi nisingeelewa.

Fundi mmoja wa mjini tukampigia simu. Kasema lete, tunapiga window upya, saa mbili umeondoka nayo. Wadau, hapa ndipo pa kusoma kwa makini. Kupiga window upya mara nyingi ni kufuta diski C na kuanza moja. Na mafaili ya watu wengi yanakaa huko huko C, kwenye deskitopu au kwenye folda ya nyaraka. Mashine itapona kweli, ila hesabu itakuwa imezikwa. Nikamwambia bro, kabla ya kutibu, tutoe kwanza mafaili. Akakubali bila shida, jamaa ni mstaarabu.

Tukaifunga CPU kwenye kitenge, nikaipakata kwenye bodaboda mpaka dukani kwake. Sababu kubwa ya kwenda kule si ufundi, ni kwamba yeye ana UPS. Hatukutaka umeme ukatike mara ya pili tukiwa katikati ya kazi.

Sasa ngoja nieleze nini kinatokea, maana wengi wanadhani ni virusi. Apdeti ya mfumo endeshi inabadilisha mafaili ambayo kompyuta inayatumia kujiwasha. Hayawezi kubadilishwa yakiwa yanatumika, ndiyo maana inasubiri wakati wa kuzima au kuwasha. Ukikata umeme pale katikati, baadhi ya mafaili ni mapya na mengine ya zamani. Mara nyingi mfumo unajirudisha wenyewe ulikotoka. Safari nyingine unashindwa, unabaki kuzunguka. Lakini ona: kilichovurugika ni mafaili ya mfumo. Mafaili yako wewe, kazi zako na picha zako, kwa kawaida yapo pale pale kwenye diski. Nyumba ipo na vyombo vyake, kilichogoma ni kitasa.

Windows 10 na 11 zikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo, zinafungua zenyewe skrini ya bluu ya matengenezo. Isipofunguka, mafundi hushikilia kitufe cha kuwashia mpaka mashine izime wakati inaanza kuwaka, wanarudia mara mbili tatu, inatokea. Ndani yake, kwenye machaguo ya juu, kuna dirisha jeusi la kuandika amri. Fundi akaandika neno moja, notepad, ikafunguka ile programu ndogo ya kuandikia. Kwenye menyu ya kufungua faili akachagua kuonyesha mafaili ya aina zote, na pale mnaona diski zote kama kawaida. Herufi zinaweza kubadilika, C ikajiita D, msishtuke. Tukaitafuta folda ya mama, tukainakili, tukaibandika kwenye flashi. Nikaichomeka flashi kwenye laptopu yangu, nikafungua faili, nikaona mstari wa mwisho: marejesho ya Jumatano. Nikampigia mama simu palepale. Kanyamaza kidogo, kisha kasema, "Haya, asante. Njoo ule."

Baada ya hapo ndipo tukarudi kwenye skrini ile ile ya bluu, tukachagua kuondoa apdeti ya mwisho. Ilichukua kama dakika arobaini, ikawaka. Hatukupiga window wala nini.

Jumamosi mgao ulifanyika chini ya mwembe kama ulivyopangwa. Ila kabla ya kugawa, mama aliwaeleza wanachama wote kilichotokea, hatua kwa hatua, na faili likasomwa kwa sauti mkopo kwa mkopo, kila mwenye mkopo akikubali au kupinga. Ilikula asubuhi nzima. Hakuna aliyepinga. Wakaazimia pia kwamba kauntabuku linarudi, kila mkutano hesabu inaandikwa kwa kalamu, na kompyuta inabaki msaidizi. Mimi nasoma elimu na najisifia teknolojia darasani kila siku, lakini azimio lile naliunga mkono mia kwa mia.

Turudi kwenye swali: kuzima apdeti au kuacha? Wanaoziogopa wana sababu. Oktoba 2018 Microsoft ilitoa apdeti kubwa ya Windows 10, baada ya siku chache ikaisimamisha kwa sababu baadhi ya watu walikuta mafaili yao yamefutwa. Ikatolewa upya Novemba mwaka huo huo. Januari 2024 ikaja nyingine, KB5034441, iliyogoma kuingia kwenye kompyuta nyingi kwa sababu tu kile kipande cha diski cha matengenezo kilikuwa kidogo. Kwa hiyo si uchawi na si wewe peke yako.

Lakini kuzizima kabisa nako ni kujitafutia. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilizunguka dunia nzima, kikafunga mafaili ya watu na kudai hela. Dawa yake Microsoft ilishaitoa Machi mwaka huo. Wengi walioumia ni wale ambao hawakuwa wameapdeti. Na mjue kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa watumiaji wa nyumbani kuna mpango wa kujiandikisha kupata apdeti za usalama mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za karibuni, ambazo mitumba yetu mingi haina. Wenye mashine hizo fikirieni mapema, hata Linux ni njia, na haina gharama ya leseni.

Basi ninavyofanya mimi ni hivi. Moja, intaneti ya hotspoti naiwekea alama kwamba ni ya kulipia kwa kipimo, hapo Windows haipakui mizigo mikubwa na bando linapona. Mbili, apdeti naziruhusu mwenyewe, mchana, chaji imejaa. Kwa kompyuta ya mezani lazima iwe na UPS, maana haina betri. Tatu, kabla ya apdeti nanakili kazi zangu kwenye flashi, na nyingine najitumia kwa imeili. Nne, kwa laptopu mpya angalieni kama diski imefungwa kwa ufunguo wa BitLocker. Ufunguo huo uandikeni pembeni, bila huo ile njia ya notepad haitawasaidia. Tano, fundi akisema tupige window, muulizeni kwanza: mafaili yangu yatakwenda wapi?

Finalist wenzangu wenye risechi, hilo la tatu lifanyeni leo kabla hamjalala. Boom likitoka nunueni flashi hata moja, chipsi zipo tu.

Nawakilisha. Alamsiki.