Walikuwa Wakicheka Nini?

Baba yangu hakuwa mtu wa anasa, lakini kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, mshahara ukiwa bado haujapoa mfukoni, alituchukua mimi na dada yangu hadi baa moja ya Magomeni kutazama maonyesho. Ilikuwa katikati ya miaka ya 1980. Wanafunzi wangu hawaamini nikiwaambia kwamba sanaa ya jukwaani niliifahamia baa, nikiwa na miaka kumi, nimekalia kreti la bia lililopinduliwa, mkononi soda isiyo na ubaridi wowote. Lakini Dar es Salaam ya wakati ule ndivyo ilivyokuwa. Vikundi kama Muungano, cha Norbert Chenga, vilianza alasiri na kuendelea mpaka giza liingie: ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo, kisha taarabu kwa wale ambao kesho yao haikuwa na haraka.

Mimi nilingojea igizo. Halikuwa na kitabu. Waigizaji walikubaliana kisa, nani aingie lini na nani atoke vipi, na maneno yaliyobaki waliyapata palepale jukwaani. Visa vilikuwa vile vile: mke mwenza, mganga mwongo, binti wa shamba aliyeshuka mjini na kikapu kichwani. Haikupita saa moja, kisa kilikuwa kimekwisha na wapiga taarabu wameshaanza kupanga viti vyao.

Siku moja walionyesha kisa cha mwanamke aliyefiwa na mtoto huku mumewe akiwa kilabuni. Yule mama alipiga magoti, kanga ikamporomoka mabegani, akalia. Alilia kweli, kilio kile cha kukata pumzi. Watu wakacheka. Sisemi walitabasamu, waliangua kicheko, na jamaa wa meza ya jirani akajipiga mapaja. Kisha mama mmoja mnene akainuka katikati ya meza, akaenda mbele akicheza taratibu kana kwamba yuko harusini, akambandika yule mfiwa noti ya shilingi ishirini kwenye paji la uso. Jasho likaishika. Mwigizaji akaendelea kumlilia mwanawe na Mwalimu Nyerere yuko usoni pake.

Nilimuuliza Baba: "Wanacheka nini?"

"Tazama mchezo," alinijibu. Alikuwa amevua miwani, anaipangusa kwa ncha ya shati.

Niliondoka pale nikiamini kwamba watu wale hawakuelewa walichokiona. Imani hiyo nilikaa nayo miaka mingi, na shule ikainenepesha.

Nikiwa kidato cha pili, katika shule ya bweni ya wavulana watupu, mwalimu wetu wa Kiswahili alileta *Wakati Ukuta* cha Ebrahim Hussein. Ni mchezo mfupi: binti aitwaye Tatu anataka kwenda sinema na kijana Swai, mama yake hataki, na kutoka kwenye ugomvi huo mdogo nyumba nzima inapata ufa. Sauti yangu ilikuwa haijavunjika, kwa hiyo nikapewa nafasi ya Mama. Nilipoingia jukwaani na kanga mbili za kuazima kwa mpishi, ukumbi mzima ulipasuka. Nilipaswa kuigiza hasira, nikakasirika kweli, na Tatu, mvulana mpole wa kutoka Tanga, akala kofi ambalo kwenye mazoezi halikuwapo. Kwa kofi lile moja nilipigiwa makofi kuliko mtu yeyote usiku ule.

Akilini mwangu mchezo ule ulikuwa wa Tatu. Mama nilimwona kizuizi tu, ukuta wenyewe. Nikaandika hivyo kwenye mtihani, nikapata alama nzuri.

Nilipokuja kuwa mwalimu, maigizo ya baa yalikuwa yanazimika. Kikundi cha TOT cha John Komba kilianzishwa mwaka 1992, na ushindani wake na Muungano ukahamia kwenye taarabu. Anayekwenda kusikia mipasho hana subira ya kumngojea mfiwa amalize kulia. Kisha televisheni ikaingia, kundi la Kaole likawa linaigiza sebuleni kwetu kupitia ITV, na baada yake sinema za Bongo zikachukua waigizaji waliobaki. Sikusikitika. Kwangu tamthiliya ilikuwa na mahali pake pa heshima, ubaoni, na imegawanywa vizuri: dhamira, migogoro, wahusika, ujumbe.

Nilikuwa hodari wa ujumbe. Katika *Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe* cha Edwin Semzaba, karatasi za sensa zinachomwa moto. Ujumbe, mtumishi wa umma asichanganye kazi na mapenzi. Katika *Kilio Chetu*, kilichoandaliwa na Medical Aid Foundation, vijana wanaangamia. Ujumbe, wazazi waseme na watoto wao. Katika *Orodha* cha Steve Reynolds, binti aitwaye Furaha amekufa kwa UKIMWI, barua aliyoiacha inasomwa mazishini, na wanaume waliomjua wanatetemeka wakidhani orodha iliyomo ni ya majina yao. Kumbe siyo. Hapo nilikuwa na ujumbe sita, wote kwa namba, na mwanafunzi aliyesahau wa tano nilimpunguzia alama.

Mwaka mmoja, kidato cha nne, niliamua waigize mazishi ya Furaha darasani. Tulikuwa na vipindi viwili mfululizo. Meza ya mwalimu ikawa jeneza, tukaifunika shuka ya bweni. Wavulana wa nyuma walikuwa wanacheka tangu mwanzo, na nilikwisha kuwatishia mara mbili. Msichana aliyekuwa Mama Furaha akasogea mbele, zamu yake ya kusema ikafika, hakusema. Akaanza kuikunjua ile shuka pale ilipojikunja pembeni, akailaza, akaipapasa, kama mtu anayemtandikia mtoto asiamke. Mikono ile haikuwa inaigiza. Kicheko cha nyuma kikapanda juu kidogo, kikakatika ghafla kama redio iliyoishiwa betri.

Nami nikasema, nayakumbuka maneno yangu mpaka leo: "Endelea, tunapoteza muda." Hakuendelea. Nikaligeukia darasa: "Haya, nani atatutajia dhamira kuu hapa?"

Mmoja wa wale wavulana watukutu akanyoosha mkono. Nikamruhusu.

"Mwalimu," akasema, "tumwache kwanza."

Tukamwacha. Sijui tulikaa kimya dakika ngapi. Sikumuuliza yule binti alimtandikia nani shuka, wala yeye hakuniambia. Kengele ilipolia walitoka mmoja mmoja, nami nikabaki na chaki mkononi na ubao mtupu.

Tangu siku ile nilianza kusoma tena vitabu nilivyokuwa nikivifundisha. Nilikirudia *Wakati Ukuta* binti yangu akiwa na miaka kumi na sita, usiku mmoja aliochelewa kurudi, nikimngojea sebuleni na taa ya nje imewashwa. Kitabu ni kilekile. Lakini Mama niliyemkuta humo hakuwa kizuizi tena. Alikuwa mtu anayepiga kelele kwa sababu hajui namna nyingine ya kusema anaogopa. Nilitamani nirudishiwe lile kofi. Mama yule angepaswa kuinua mkono, kisha asijue aushushie wapi.

Mwaka jana binti huyohuyo, sasa yuko chuo kikuu, alinivuta kwenye onyesho la michezo mifupi, minne kwa jioni moja, kila mmoja kama robo saa. Viti vya plastiki, hakuna pazia. Mitatu ya kwanza sina la kuisemea. Mmoja ulikuwa na moshi mwingi. Wa nne ulikuwa na watu wawili. Upande huu kijana na simu. Upande ule mama wa makamo anakanda unga mbele ya karai. Kijana amefiwa na mama yake, na kila jioni anaipiga namba ya marehemu asikie tu ikiita. Jioni moja inapokelewa. Laini ilikaa bila kutumika, kampuni ikampa mtu mwingine, muuza maandazi.

"Umekosea namba, mwanangu."

Kijana anajua hakukosea. Kesho yake anapiga tena, anaomba radhi, anakata. Keshokutwa vilevile, ila sasa wanaulizana hali. Jioni ya nne simu haiiti. Mama anakanda, anaitazama simu, anakanda, anajifanya haitazami. Unga umekwisha kulainika zamani lakini bado anaukanda. Hatimaye inaita. Anafuta mikono kwenye kanga, anaipokea, na kwa sauti ya mtu aliyeudhika kwelikweli anasema:

"Leo umechelewa kukosea."

Ukumbi uliangua kicheko. Nami nilicheka mpaka nikajipiga mapaja, na nilipopeleka mkono usoni nikakuta uso wote umelowa. Nikavua miwani.

Mwishoni walitupa nafasi ya kuuliza maswali. Bwana mmoja wa safu ya mbele akachukua kipaza sauti na kusema angependa kujua igizo hili lina funzo gani kwa jamii. Sauti ile niliijua. Miaka zaidi ya kumi iliyopita ilikaa dawati la tatu, upande wa dirishani, na swali lile nililipanda mimi. Nikashuka kidogo kwenye kiti changu. Mtunzi, msichana mdogo, akaanza kubabaika. Yule mama mwigizaji, bado anajipangusa unga kwenye vidole, akamsaidia.

"Mimi nilikuwa nauza maandazi tu, baba."

Watu wakacheka tena, muulizaji naye akacheka, akaketi.

Wakati wa kutoka nilichomoa noti ya elfu kumi. Binti yangu akanishika mkono: "Baba, siku hizi watu hawafanyi hivyo, utaniaibisha." Nikaenda hivyohivyo, lakini nilipofika mbele ya yule mama ujasiri ukanitoka, nikaitumbukiza kwenye karai. Aliitazama, akanitazama, mvi kwa mvi. Kisha akaiokota, akailamba upande mmoja, akaibandika kwenye paji la uso, akainama kuendelea kukusanya vyombo vyake.