Barua ya Msimamizi wa Barabara

Yapata mwaka 2009, barabara kuu itokayo Isiolo kwenda mto Merille ilipokuwa ikitengenezwa na kampuni ya Wachina, kaka yangu aliajiriwa kuendesha mtambo wa kushindilia udongo. Kazi ilipokwisha, msimamizi wake alimpelekea barua pepe ya kumshuhudia, nusu kwa Kiingereza, nusu kwa maandishi ya kwao. Kaka akaichapisha mjini, akaenda nayo kuomba kazi katika ofisi moja. Karani alisoma Kiingereza bila taabu, kisha akafika mahali pa Kichina, akakuta takataka kama hizi: ÖÐ¹ú. "Barua hii umeitunga mwenyewe," akasema, akamrudishia.

Kaka hakubishana. Alikuja nyumbani, akaiweka mezani pangu, akasema, "Wewe ndiwe mwalimu, nisomee." Nami nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu juzijuzi tu, sikuweza.

Msomaji, yafaa ujue kwamba ndani ya kompyuta hamna herufi hata moja. Mna hesabu tu, na orodha ya kuonyesha kila hesabu ni herufi gani. A ni 65, B ni 66. Waamerika walipotoa orodha yao mwaka 1963, nafasi 128 ziliwatosha. Lakini Mchina haandiki kwa kuunganisha herufi chache kama sisi. Kila alama yake ni neno au sehemu ya neno, na msomaji wa gazeti hana budi kujua alama elfu kadhaa. Basi mwaka 1980 China ilitoa orodha yake yenye alama 6,763, kila moja ikipewa hesabu mbili. Alama 中, maana yake "katikati", nayo ndiyo ianzayo jina la nchi yao, ilipata 214 na 208. Katika orodha ya Ulaya Magharibi, 214 ni Ö, na 208 ni Ð. Kumbe takataka zile zilikuwa jina la China! Kiingereza kilisalimika kwa kuwa orodha zote mbili zinapatana katika zile nafasi 128 za mwanzo.

Orodha moja ya dunia nzima, iitwayo Unicode, ilianza kutolewa mwaka 1991, na mwaka uliofuata ikapokea alama 20,902 za Kichina. Humo 中 ni 20013, popote uendapo. Wajapani wengine walinung'unika kwamba alama zao zimetiwa nafasi moja na za Wachina ingawa huchorwa tofauti kidogo, nami siwalaumu. Maandishi ya Kihabeshi, ambayo utayaona Moyale, mwisho wa barabara hiyohiyo, yalingoja hadi mwaka 1999. Hata ũ ya jirani zetu Wameru ina hesabu yake, 361.

Haya nilielezwa na kijana mwenye duka la kompyuta. "Mwalimu, barua haikuharibika," alisema, "imesomwa kwa orodha isiyo yake." Akachagua orodha ya Kichina, na mara alama zikajipanga safi kabisa. Tukachapisha upya.

Kaka alirudi ofisini siku ileile, akakuta nafasi imekwisha kupewa mtu mwingine. Aliikunja barua ya pili, akaitia katika bahasha pamoja na ya kwanza. Zote mbili anazo hadi leo.